Kabla ya kufuta kadi memori ya mtoto, uliza kwanza

Goma. Leo sileti habari ya barabara, ya maji wala ya bei ya unga. Naleta maoni yangu mwenyewe, na yametoka katika kosa nililolifanya nyumbani kwangu. Nilifuta kadi memori ya mtoto bila kumuuliza. Nilifikiri ni michezo tu. Nataka niwaeleze ilivyokuwa, halafu niseme kile ninachofikiri sisi wazazi, wenye vioski vya simu na hata sisi waandishi wa habari tunapaswa kubadilisha.

Dada yangu na watoto wake watatu walifika kwangu mwezi wa pili mwaka 2024, wakati vita ilikaribia Sake na watu wa Masisi wakajaa barabarani kuelekea Goma. Walikuja kwa miguu, mizigo michache juu ya chukudu ya jirani. Shemeji yangu alibaki nyuma kuangalia nyumba na mbuzi. Alisema atawafuata baada ya siku mbili. Mpaka leo ninapoandika, simu yake haipatikani, na kati ya watu waliopita njia ile hakuna aliyetuambia kwamba alimuona.

Mtoto wa kwanza wa dada alikuwa na miaka 11. Katika mfuko wake wa shule hamkuwa na daftari hata moja. Mlikuwa na sweta, sahani ya plastiki na kile kimashini cha mchezo cha mkononi kinachoitwa PSP, kioo kimepasuka pembeni, mlango wa betri umeshikwa na skochi. Nakumbuka nilimuuliza dada kwa nini alimruhusu kubeba kitu hicho na kuacha vitabu. Akajibu: "Kaka, wakati wa kukimbia hauangalii mutoto anabeba nini. Unaangalia kama yeye mwenyewe iko."

Basi, siku moja mwaka jana nilikuwa natoka kwenda kuchukua sauti za akina mama waliohama makwao, juu ya karo za watoto. Kadi ya rekoda yangu ilikuwa imekufa. Mtoto alikuwa shuleni. Nikakumbuka kwamba ndani ya PSP yake mlikuwa na adapta, kile kikadi cha plastiki kinachobeba kadi ndogo ya simu. Nikaitoa ile kadi ndogo, ya giga 16, nikaiweka ndani ya rekoda. Rekoda ikaniuliza kama nataka kufomati. Nikabonyeza ndiyo. Nikaenda kazini, nikarekodi dakika 40, sauti ilikuwa safi kabisa. Jioni nikairudisha kadi mahali pake, nikajiona nimefanya akili.

Mtoto akawasha kimashini chake. Orodha ilikuwa tupu. Akakizima, akakiwasha tena. Akaitoa kadi, akaipuliza, akairudisha. Halafu akaja mahali nilipokaa nasikiliza zile sauti, akauliza polepole: "Mujomba, ulimufuta baba?"

Sikuelewa. Dada ndiye aliyenieleza. Ndani ya kadi ile mlikuwa na mchezo wa mpira, Pro Evolution Soccer, na mtoto pamoja na baba yake walikuwa na timu yao humo. Walicheza usiku, wakati betri ya paneli ya jua ilikuwa bado na nguvu kidogo, kila mmoja mechi yake, wanapeana zamu. Shemeji alibadilisha majina ya wachezaji. Golikipa alimpa jina la babu. Mshambuliaji mmoja alimpa jina la dada yangu, ili wacheke. Namba 10 alikuwa mtoto mwenyewe. Walikuwa wamefika msimu wa tano. Na pale ambapo mchezo unaonyesha hifadhi zake, kuna tarehe na saa ya mara ya mwisho. Tarehe ile ilikuwa ya siku chache kabla ya kukimbia, na aliyebonyeza kuhifadhi siku hiyo alikuwa baba.

Tangu wafike Goma mtoto hakuendelea na msimu ule. Alifungua, akaangalia orodha, akaangalia tarehe, akafunga, akacheza mchezo mwingine. Alijua kwamba akicheza mechi moja na kuhifadhi, tarehe ya baba itapotea. Miezi yote ile aliilinda. Mimi nikaja kuifuta kwa kidole kimoja, kwa ajili ya kipindi juu ya haki za watoto.

Najua watu watasema: ni mchezo, atacheza mwingine. Nami nilisema hivyo siku ya kwanza, kwa sababu ya aibu. Lakini tujiulize. Kama ningefuta picha ya harusi ya dada, mngesema ni picha tu? Kama ningefuta sauti ya marehemu mama yetu iliyobaki kwenye simu, mngesema ni sauti tu? Sisi wakubwa tuna vitu vyetu vya kukumbuka, na tunajua kuvitaja. Mtoto naye anavyo, lakini viko mahali ambapo sisi hatuangalii. Baba wa mtoto huyu hakuacha barua. Hakuacha hata picha nzuri. Aliacha timu ya mpira.

Ndiyo maana nimetafuta kuelewa vitu hivi vinakaa wapi na vinahama namna gani. Nimeuliza vijana wa vioski, nimeuliza watoto, nimejaribu mwenyewe. Nawapa yale niliyohakikisha, maana ujinga wangu ndio ulioleta hasara.

Kwanza, mchezo na hifadhi ya mchezo ni vitu viwili. Mchezo ni mzigo mkubwa. Wa PSP unaweza kufika giga moja na zaidi. Hifadhi ni kumbukumbu ya pale ulipofika: timu yako, majina yako, pesa zako za mchezoni. Hii ni ndogo sana, mara nyingi haifiki hata mega chache. Mchezo unaweza kuupata tena siku nyingine. Hifadhi haipatikani popote duniani isipokuwa pale ulipoiweka. Mchezo una mwenyewe aliyeutengeneza, na kuunakili ovyo ovyo kuna sheria zake. Lakini hifadhi ni jasho lako. Hakuna atakayekulaumu kwa kuinakili.

Pili, ni lazima kujua kimashini chako kinaweka hifadhi wapi, kwa sababu havifanani.

PSP ya kawaida inaweka kila kitu ndani ya kadi. Ukiifungua kadi hiyo kwenye ordinatere, utaona folda inayoitwa PSP, na ndani yake folda nyingine inayoitwa SAVEDATA. Humo kila mchezo una folda yake, na jina la folda linaanza na herufi na namba za mchezo. Ukikopi SAVEDATA nzima, umebeba maisha yote ya mtoto yaliyo humo. PSP ikivunjika, unatia kadi ndani ya PSP nyingine, au unabandika folda ile mahali pale pale kwenye kadi nyingine, na mtoto anaendelea. Jambo moja la kuangalia: kama mchezo wa kwanza ulikuwa wa Ulaya na wa pili ni wa Marekani, namba hazifanani, na mchezo hautaiona hifadhi ile hata kama ipo.

Sony iliacha kutengeneza PSP mwaka 2014, kwa hiyo hizi tulizonazo ni za zamani, zimepita mikono mingi. Ndiyo maana vijana wengi hapa wanacheza michezo ile ile kwenye simu, kwa programu ya bure inayoitwa PPSSPP, ambayo ipo tangu mwaka 2012. Programu hiyo inatumia folda zilezile, PSP na SAVEDATA. Kwa hiyo hifadhi ya kimashini inaweza kuhamia kwenye simu, na mara nyingi inakubali pia kurudi. Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza: programu hii ina namna nyingine ya kuhifadhi, ile ya kusimamisha mchezo ghafla popote ulipo, na inawekwa kwenye folda ya pembeni inayoitwa PPSSPP_STATE. Hiyo haifanyi kazi ndani ya PSP, na hata kwenye simu inaweza kukataa baada ya programu kubadilishwa. Mwambie mtoto ahifadhi pia ndani ya mchezo wenyewe. Mtego wa pili: kwenye simu za sasa za Android, programu inakuuliza mwanzoni uchague folda ya kuwekea vitu. Ukichagua ile folda ya siri ya programu yenyewe, siku utakapoitoa programu kwenye simu, hifadhi zote zinaondoka nayo. Chagua folda ya kawaida ambayo unaweza kuiona na kuikopi.

Kuna familia ambazo ndugu zao wako Marekani, Kanada au Ubelgiji, na mara moja moja wanawatumia watoto vimashini vya Nintendo. Hivyo vina tabia nyingine. Nintendo DS ya zamani inaweka hifadhi ndani ya kaseti ya mchezo yenyewe. Ukipoteza kaseti, umepoteza vyote. Nintendo 3DS inatumia kadi SD kwa michezo iliyopakuliwa, lakini vilivyoandikwa humo vimefungwa kwa kimashini kilichoviandika. Ukiitia kadi ndani ya 3DS nyingine, haitaona kitu, mpaka mtu ahamishe kila kitu kutoka kimashini cha kwanza kwenda cha pili, vyote viwili vikiwa vizima. Na duka lake la intaneti halikubali tena kununua tangu tarehe 27 mwezi wa tatu 2023.

Ile Switch, iliyotoka mwaka 2017, ndiyo inayodanganya watu zaidi. Ina nafasi ya kadi ndogo, na mzazi anafikiri akikimbia na kadi amekimbia na kila kitu. Hapana. Kadi inabeba michezo iliyopakuliwa, picha na video. Hifadhi za michezo zinakaa ndani ya tumbo la kimashini. Ukiibiwa kimashini ukabaki na kadi, mchezo utaupakua tena, lakini mtoto ataanzia mwanzo. Ili kuhamisha hifadhi unahitaji Switch mbili kando kando, au abonema ya kulipia inayoweka nakala kwenye intaneti, na hata hiyo haikubali kila mchezo. Kwetu, ambako mtandao unakatika na pesa ya abonema ni pesa ya chakula, hilo si jibu. Nasema wazi: kampuni zinazotengeneza vitu hivi zinafikiria mtoto mwenye nyumba moja, umeme saa 24 na benki. Hazifikirii mtoto anayeweza kuamshwa saa nane ya usiku na kuambiwa "vaa viatu". Kimashini cha mwaka 2004 kilichoweka kila kitu kwenye kadi kinamfaa zaidi mtoto wa Masisi kuliko vingi vilivyokuja baadaye.

Turudi kwenye kosa langu. Siku iliyofuata nilipeleka kadi kwa fundi mmoja wa ordinatere. Akanieleza kitu ambacho ningepaswa kukijua mimi ninayefanya kazi na kadi kila siku. Kufomati kwa haraka hakufuti vitu vyenyewe. Kunafuta orodha inayosema kila kitu kiko wapi. Kama baada ya kufomati hujaandika kitu kingine juu yake, kuna programu zinazoweza kupita ndani ya kadi na kuvikusanya. Lakini mimi nilirekodi. Sauti ya WAV, ile tunayotumia redioni, inakula mega 11 na zaidi kwa dakika moja. Dakika 40 ni karibu mega 460 zilizoandikwa juu ya vitu vya mtoto. Fundi alipata picha kadhaa, nusu ya wimbo, na vipande vya mafaili visivyo na majina. Folda ya timu haikuonekana. Alinitoza kidogo tu, akasema: "Mwandishi, siku nyingine usiiguse kabisa. Itoe, ifunge kwenye karatasi, uniletee."

Nilirudi nyumbani na kusema ukweli. Mtoto hakulia. Alikaa kimya siku mbili, na katika nyumba yenye watu tisa, kimya cha mtoto mmoja kinasikika.

Siku ya tatu ndipo msaada ulipotoka mahali ambapo sikufikiria. Mtoto wa jirani, mwenye miaka 12, alikuja kumwita wacheze mpira wa karatasi. Akaambiwa habari. Akasema: "Lakini si uliniwekeaga kwa simu ya yaya?" Kumbe, wiki za kwanza baada ya kufika, PSP ilipokufa chaji, watoto hawa wawili walikopi folda yote ndani ya simu ya kaka mkubwa wa yule rafiki ili wamalizie jioni yao. Mpwa wangu alikuwa ameshasahau. Tukaenda kwa jirani wote, mimi mbele kama mtu anayefuata ripota kubwa. Simu ilikuwepo. Folda ilikuwepo. Majina yalikuwepo: babu golini, dada yangu mbele, mtoto namba 10.

Tarehe ya baba haikurudi. Yule rafiki alikuwa ameendelea kucheza na kuhifadhi, na katika mechi zake timu ilifungwa tatu bila. Mpwa wangu aliangalia matokeo, akageuka kwa rafiki yake: "Wewe, umemufungishaka baba tatu!" Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku tatu. Siku hiyo hiyo tulikopi folda ile mara tatu: kwenye kadi yake, kwenye ordinatere yangu, na kwenye simu ya dada.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya.

Kwenu wazazi, na sana sana ninyi mliopokea familia za watu waliohama makwao kama mimi: kadi iliyo mikononi mwa mtoto si mali ya nyumba yote. Kabla ya kuitoa, kuiuza, kuihamisha kwenye simu nyingine au kubonyeza ndiyo mahali panapoandikwa kufomati, muulize mwenye kadi kuna nini ndani. Swali hilo linachukua dakika moja. Na kama mtoto anajibu "kuna mchezo wangu", usimjibu "mchezo tu". Muulize ni mchezo gani, nani alicheza naye. Inawezekana ukasikia habari ambazo hajamwambia mtu tangu mlipofika.

Kwenu vijana wa vioski, ninyi mnaotia muziki na filamu kwa franka 500: ninyi ndio maktaba yetu, ingawa hakuna anayewaita hivyo. Mteja akija na kadi iliyojaa, msifomati kwa haraka ili filamu iingie. Mwonyesheni yaliyomo kwanza. Na mkihamisha vitu, msikate na kubandika. Kopini, fungueni upande wa pili muone kama kinafunguka, ndipo mfute upande wa kwanza. Nimeona umeme ukikatika katikati ya kukata na kubandika. Kitu hakikufika kule na huku hakikubaki. Msichomoe kadi wakati taa bado inawaka-waka. Kwenye PSP ni ile taa ya rangi ya chungwa. Na tuambieni ukweli juu ya kadi mnazouza. Kuna kadi sokoni zimeandikwa giga 128 na ndani haifiki hata 16. Inapokea vitu vyote bila kulalamika, halafu vya mwisho havifunguki. Mtu aliyepoteza nyumba hapaswi kupoteza na picha zake kwa sababu ya namba ya uongo. Ukinunua kadi, ijaze siku hiyo hiyo, fungua faili la mwisho uliloweka. Kama halifunguki, irudishe kabla muuzaji hajakusahau.

Kwenu familia mlio kwenye maeneo ya kukusanyika, kwenye shule, makanisa na nyumba za watu: msiweke vitu vyote mahali pamoja. Picha ya kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, diploma, picha ya shamba lenu, na ndiyo, folda ya mchezo ya mtoto, vyote vinaingia kwenye kadi ndogo kuliko kucha. Fanyeni nakala mbili, watu wawili tofauti wazibebe. Nimemuona mama mmoja aliyeshona kadi ndani ya pindo la kitenge chake, ndani ya kipande cha plastiki na karatasi kavu. Alisema alijifunza hivyo mwaka 2021, mwezi wa tano, wakati Nyiragongo ililipuka na watu wakaambiwa wahame mji: alikimbia na simu moja, simu ikaibiwa, na picha zote za watoto wakiwa wadogo zikaenda nayo. Huyo hakusoma ordinatere mahali popote, lakini angeweza kutufundisha sisi wote.

Kwenu ninyi mnaosaidia watu waliohama: mnapopanga sehemu ya kuchaji simu, wekeni pia ordinatere moja na kijana mmoja mwaminifu ambaye atawakopia watu vitu vyao kwa bure. Si gharama kubwa. Tunahesabu magodoro na masufuria, na ni vizuri. Lakini hakuna orodha niliyowahi kuona yenye mstari wa kumbukumbu.

Na kwetu sisi waandishi wa habari: tuwe na kadi zetu. Mimi nilichukua kitu cha mtoto ili niende kuuliza watu wengine walipoteza nini. Kipindi kile kilipita hewani, wasikilizaji walipiga simu kushukuru, na nyumbani kwangu kulikuwa na mtoto mmoja ambaye sauti zile zilikuwa zimelala juu ya timu ya baba yake. Sitasahau.

Kuna rafiki yangu wa kazi aliyesoma mawazo haya kabla sijayaweka hapa. Akaniambia: "Watu wanatafuta unga, wewe unawaeleza folda za michezo?" Ni swali la haki, na sitalikwepa. Unga ni wa kwanza. Hakuna anayekula kumbukumbu. Lakini nimekaa miaka miwili sasa na watu waliokimbia chini ya paa langu, na nimeona kwamba wakishakula, usiku, hawazungumzi juu ya unga. Wanazungumza juu ya mti uliokuwa nyuma ya nyumba, juu ya ng'ombe aliyekuwa na pembe moja, juu ya nani alisema nini siku gani. Chakula kinamfikisha mtu kesho. Vitu hivyo vinamfanya ajue ni nani huyo aliyefika kesho. Mtoto naye ana haki ya kuwa na vyake, na kama vyake viko ndani ya kimashini chenye skochi, basi viko humo.

Mpwa wangu sasa ameanza msimu wa sita. Nilimuuliza kwa nini ameamua kuendelea, kwa kuwa zamani hakutaka. Alinijibu bila kunyanyua macho kwenye kioo: "Baba akirudi ataona tuko wa ngapi." Wiki hii wako wa nne. Kila Jumapili jioni, kabla ya kulala, analeta kadi yake kwangu, tunakopi folda kwenye ordinatere, anahakikisha mwenyewe kwamba imefika, ndipo anaichukua kadi yake.

Kama na wewe una kadi ambayo hujui kuna nini ndani, usiifute leo. Tafuta kwanza mtu anayejua. Na kama kwenye kartie yako kuna kijana anayekopia watu vitu bila kuwaibia na bila kuwafutia, pita redioni utuambie, tutamtaja hewani ili wengine wamfikie.

Tuko pamoja.